Fundi Makochi na Bwana Kobe

Fundi Makochi alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimletea kochi lililobonyea analizunguka, analibonyeza, anasema, "Njoo Ijumaa." Basi. Shule aliigusa akaiacha. Kusoma alisoma kwa kusukuma, kama mtu anayepandisha mkokoteni mlimani. Kazi alifundishwa na mjomba wake, na mjomba naye hakuwa msemaji. Ukikosea alikuchapa kwa utepe wa kupimia, ukipatia alinyamaza.

Mke naye alimpata kwa njia ya viti. Maktaba ya mji ilimpa viti vya kusomea avivalishe upya. Siku ya kuvirudisha alitokea dada wa kaunta, akakalia kimoja baada ya kingine mpaka vyote. Kimoja akakisukuma pembeni.

"Hiki kinalia."

Fundi akakikalia. Kweli kililia, kwa mbali, kama panya aliye ndani ya ukuta. Akakirudisha karakana, akakifungua, akakifunga. Alipokileta tena alikuwa ameshaamua kuposa.

Wakaoana. Wakapata binti, binti akakua, akaolewa mbali. Nyumba ikabaki ya wawili.

Mke aliendelea na maktaba. Kompyuta zilipoletwa, mkuu wa maktaba aliwatazama wafanyakazi wake, akaona ni mmoja tu asiyeziogopa, akamkabidhi. Zilikuwa mashine za Linux, mfumo wa bure unaotunzwa na watu wa kujitolea. Hizo zikigoma hakuna fundi wa kumpigia simu. Unasoma. Ukishindwa unawaandikia walio mbali, nao wanakujibu wakipenda. Mama Maktaba, ndivyo mtaa ulivyomwita, alisoma, akauliza, akajua. Mwisho akatunga programu yake mwenyewe ya kuazimisha vitabu. Shule za jirani zikaisikia, zikaiomba.

Hapo ndipo chakula kilipoanza kupoa mezani. Simu inalia: programu yako haifunguki. Huyu kaiweka mahali pasipo pake. Yule kaiweka vizuri, ila inahitaji programu nyingine ambayo hana. Mwingine kaifuta nusu, na nusu iliyobaki inamletea fujo.

"Dawa yake ni kuifungasha," akamwambia mumewe.

"Kuifungasha kwa kamba?"

"Kwa maelekezo, bwana we. Natengeneza kifurushi kimoja. Ndani kuna programu, na maneno ya kuiambia mashine: hiki kiweke hapa, hiki pale. Kabla sijaanza kazi niitie fulani na fulani, bila wao siwezi. Siku ukinichoka, niondoe mimi na takataka zangu zote. Kisha kifurushi kinakaa kwenye ghala kubwa, la dunia nzima. Mtu anaandika mstari mmoja, kinashuka, kinajipanga chenyewe."

Fundi akatafuna, akameza.

"Mgeni mwenye adabu," akasema.

Mkewe akamkodolea macho. "Hasa. Hivyo hivyo."

Fundi alilala vizuri siku ile.

Lakini ghala halikuwa la kila mpita njia. Lilikuwa na watu wa kujitolea wanaopekua kila kinacholetwa. Aliyejitokeza kupekua kifurushi cha mkewe alijiita Kobe.

Sura ya Kobe hakuna aliyeijua. Aliishi mji wa mbali, na kazi yake ilikuwa kurudisha. Mama Maktaba anapeleka kifurushi, Kobe anakirudisha. Anarekebisha, anapeleka, kinarudi. Na kila kilipokuja, kilikuja na neno la Kobe, na kila neno la Kobe lilimchekesha mwanamke yule mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Kasema nini?" fundi aliuliza jioni moja.

"Kasema kifurushi changu ni mgeni aliyefika na sanduku, nguo kaziacha kwao."

Fundi akangoja. Mkewe bado anacheka.

"Sasa hapo pana nini cha kuchekesha?"

"Nimesahau kutaja kitu ambacho programu inakihitaji. Kwenye mashine yangu kipo siku zote, kwa hiyo kwangu inakwenda. Kwa mtu mwingine inaanguka chali. Miezi yote hiyo sikuona. Yeye kaona."

"Ni sawa na mimi kumpelekea mtu kochi, miguu nikaiacha karakana."

"Ndiyo," mkewe akasema, akarudi kwenye kioo cha kompyuta.

Ndiyo tu. Hakucheka. Fundi aliona maneno yake yameanguka sakafuni, hakuna wa kuyaokota. Naye alijua hakuwa amesema vibaya. Angesema Kobe, lingepokelewa.

Tangu hapo akawa anasikiliza. Mikono inakunja nguo, masikio yako mezani. Vidole vya mkewe vinakimbia, vinasimama. Anasoma. Kisha kile kicheko cha chini, cha puani kwanza, kinachopanda. Fundi alikijua. Zamani kilikuwa chake. Akakumbuka siku ya kiti kilicholia, na jinsi alivyomrudishia akisema, "Nimemkanya, hatalia tena," na msichana akacheka vile vile, mkono kwenye kaunta. Sasa mtu asiye na uso alikuwa anakichota kutoka mbali, bure, hata chai hajawahi kumnunulia.

Kule karakana fundi alikuwa jirani na seremala aliyemtengenezea fremu. Seremala alikuwa na mdomo.

"Fundi, leo umeshona mto kinyume. Kuna nini?"

"Hamna."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko na Kobe."

Hakukusudia kusema. Seremala akaweka randa chini.

"Kobe yupi?"

Fundi akaeleza kwa maneno yasiyozidi kiganja. Seremala akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, sungura ungemsikia akija. Kobe anafika hujui kaanza safari lini."

"Wanaongea kazi."

"Sikukataa. Hata mimi na mke wangu tulianza kwa kuongea kazi. Alileta meza yenye mguu mbovu."

Fundi akafumua mto, akaushona tena. Ukatoka kinyume tena.

Kisha Mama Maktaba akaja na habari. Alizileta mezani, anamimina chai huku uso unang'aa.

"Kobe anapita hapa mjini Jumamosi. Kifurushi kimekubalika, kimebaki kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Mimi mwenyewe." Akakaa. "Kila ninachopeleka nakitia saini ya kompyuta, ili mtu ajue hakikuguswa njiani. Lakini saini inasema tu kwamba kimetoka kwa mwenye saini. Nani kasema mwenye saini ndiye mimi? Mtu anaweza kujiita jina langu, akaweka sumu kwenye mashine za shule zote. Kwa hiyo wao wana desturi yao. Lazima mmoja aliyekwisha kukubalika akutane nawe uso kwa uso. Akushike kitambulisho, akutazame, ndipo aidhinishe saini yako. Kwa barua haikubaliki. Kwa simu haikubaliki."

"Hata mkiwa mmeandikiana miaka?"

"Hata miaka. Bila kitambulisho hakuna kitu." Akamsogezea kikombe. "Twende wote. Nataka umwone."

Fundi alinywa chai. Ilikuwa ya moto, hakuisikia. Nataka umwone. Mtu haonyeshwi kitu kibaya.

Jumamosi asubuhi mkewe alikuwa bafuni, anaoga na kuimba. Mkoba ulikuwa kitandani, mdomo wazi. Fundi hakuwa amepanga lolote. Angeulizwa angeapa. Alifunga vifungo vya shati, akatazama mkoba, akakiona kitambulisho, na mkono ukafanya yake. Kitambulisho kikaingia mfuko wa shati. Akavaa koti juu yake. Akafunga koti.

Mama Maktaba alitoka, akavaa, akaangalia mkoba. Akamwaga vyote kitandani. Akafungua droo.

"Hujakiona kitambulisho changu?"

"Nitakionea wapi?"

Alitafuta juu ya kabati. Akatafuta nyuma ya mashine. Akasema huenda kimeteleza uvunguni, akainama, akatoka na vumbi kwenye goti. "Nishikie godoro," akasema, na fundi akashika upande wa pili, wakaligeuza. Chini hapakuwa na kitu.

"Labda tuahirishe," fundi akasema.

"Anapita leo tu." Akasimama kidogo, mkono kiunoni. "Nina kadi ya kazini. Ananijua. Ataelewa."

Wakaondoka.

Walikutana katika hoteli ya chai nyuma ya posta. Fundi alikuwa amejitengenezea Kobe wake kichwani: mfupi, shingo haipo, shati limetoka. Aliyesimama kuwapokea alikuwa mrefu, kola imenyooka, mvi zimekaa pembeni mwa kichwa kana kwamba zimepangwa na kinyozi. Fundi alimtafuta kasoro kuanzia viatu hadi utosi. Hakuipata.

"Mama Maktaba! Kumbe ni wewe. Habari za siku zote?"

"Nzuri, Kobe. Umefika kwa miguu yako mifupi?"

Wakacheka. Kisha Kobe akamgeukia fundi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Fundi akaitikia marahaba. Mke anapewa habari, mume anapewa shikamoo. Ndiyo kusema yeye ni babake? Akakaa. Kiti kilikuwa kimelegea, akajua ni msumari wa nyuma, akaona heri awaze msumari.

Wakaongea. Ilikuwa lugha ile ile anayoijua, lakini maneno yalipita juu ya kichwa chake kama ndege. Toleo jipya linavunja la zamani. Nani kaweka faili kwenye njia isiyo yake. Mkewe alikuwa ameegemea mbele, viwiko mezani, mashavu yamepata damu. Fundi hakukumbuka mara ya mwisho alipoegemewa hivyo. Chai yake ikatanda utando.

Halafu Kobe akasukuma vikombe pembeni, akafuta meza kwa leso. Akaweka kitambulisho chake mwenyewe, na kipande cha karatasi chenye mstari mrefu wa namba na herufi, alama ya saini yake ya kompyuta.

"Haya, mama. Huyu mimi."

Mama Maktaba alikishika, akatazama picha, akamtazama, akasoma. Akarudisha. Akatoa karatasi yake yenye namba zake, na juu yake akaweka kadi ya maktaba.

Kobe akaiangalia bila kuigusa.

"Hii ni ya kazini."

"Kile kingine kimepotea asubuhi hii hii. Tumegeuza mpaka godoro, muulize mume wangu."

"Pole sana."

"Lakini Kobe, wewe unanijua."

Kobe alikunja leso yake. Alipojibu hakukuwa na mzaha.

"Kazi yako naijua. Hata wakinificha jina nitaitambua. Lakini sikuja kuidhinisha kazi. Nimekuja kusema kwamba mama huyu aliyekaa hapa ndiye mwenye jina lile. Watu nisiowajua watafungulia kitu chako mashine zao kwa sababu mimi nimesema. Nikisema kwa kukuhurumia, nimewadanganya."

"Kwa hiyo hapana."

"Leo hapana."

"Mume wangu huyu hapa. Si anaweza kunishuhudia?"

Kobe akamtazama fundi. "Mzee, utaniwia radhi. Na wewe sikujui."

Fundi akasogeza kiti mbele. Aje mtu kutoka mbali, anywe chai ya mji wao, akatae neno la mume juu ya mkewe.

"Mke wangu si mwongo," akasema.

"Sikusema ni mwongo, mzee."

"Mimi nimekaa naye. Wewe umekaa naye wapi?"

"Baba, acha," Mama Maktaba akasema taratibu. "Yuko sahihi. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo." Akamgeukia Kobe. "Utapita tena lini?"

"Sijui. Pengine mwakani."

Hakulia. Aliichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, taratibu, akaibana kwa kidole kwenye mkunjo, kama mtu anavyokunja nguo za marehemu. Fundi alikaa akitazama kile kidole. Alikuwa amekuja kumwona Kobe akishindwa. Aliyeshindwa ni huyu.

Mkono uliokwenda mfukoni ulikuwa mzito kuliko ule wa asubuhi.

"Kipo," akasema.

"Kipo nini?"

Akakiweka mezani. Kilikuwa na joto la kifua chake. Hakuna aliyekishika kwanza. Kobe akapata kitu cha kutazama ndani ya kikombe. Mama Maktaba alitazama kitambulisho. Fundi hakumtazama.

Kisha Kobe akafanya kazi yake, na hilo lilikuwa jambo la heshima. Akakiinua, akatazama picha, akamtazama mwanamke, akarudi kwenye picha. Akakigeuza. Akakielekeza dirishani, akapitisha kidole kwenye kingo. Fundi aliujua mtazamo ule. Ndivyo yeye anavyotazama kitambaa kabla ya kupitisha mkasi. Halafu akasoma zile namba na herufi, moja moja, na Mama Maktaba akaitikia moja moja, kwa sauti iliyonyooka kama uzi.

"Nikifika kwangu nitaidhinisha," Kobe akasema. Akawapa mikono wote wawili. Hakutania tena.

Njiani mke alitangulia. Walipofika mlangoni akasimama na ufunguo mkononi.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Tulipogeuza godoro?"

"Ndiyo."

"Ulinishikia upande wa pili."

Mlango ukafunguliwa, wakaingia.

Hakumgombeza. Fundi alingoja ugomvi kama mtu anayengoja mvua afunike mali yake, haukuja. Jumatatu mkewe aliifunga mashine yake kwenye kanga, akaenda nayo maktaba, akarudi bila hiyo. Kuanzia hapo kazi yake aliifanyia huko mpaka saa ya kufunga. Akirudi anapika. Chakula cha moto, kwa wakati. "Umeshindaje?" "Salama." "Chumvi imetosha?" "Imetosha." Kobe hakutajwa tena chini ya paa lile.

Fundi alikuwa amepata alichotaka. Akakaa nacho. Meza ilikuwa tupu, akasikia meno yake yakitafuna. Akiwasha redio, redio inaongea peke yake. Mtu akiwa hai ndani ya nyumba na sauti yake haimo, kile kimya kina uzito. Anayekijua anakijua.

Seremala akamchokoza: "Vipi, kobe karudi kwenye gamba?" Fundi akampelekea jicho. Seremala akachukua randa yake.

Wivu nao haukufa. Ulihama nyumba tu. Mfagizi wa maktaba alipita karakana kuulizia sponji ya mto, akasema bila ubaya wowote, "Mkeo leo kacheka huko, mpaka nasi tukacheka hatujui sababu." Fundi akapima sponji. Akaikata fupi. Kwa hiyo sasa mfagizi anakisikia. Kuta zinakisikia, na wale wanaokuja kusinzia juu ya magazeti. Wote, isipokuwa yeye.

Siku hiyo alifunga karakana jua likiwa bado juu. Alikwenda maktaba na nyuzi kwenye suruali. Mkewe alikuwa kaunta. Akamtazama kama anavyomtazama mtu yeyote.

"Karibu. Unaazima au unarudisha?"

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Mashine irudi nyumbani."

Mama Maktaba akapanga vitabu vilivyokuwa vimeshapangwa. "Nyumbani kuna shida. Mashine hiyo inakuja na Kobe."

"Aje naye."

"Utamweza?"

"Sijui." Fundi alishika ukingo wa kaunta. Mbao yake ilikuwa nzuri, ngumu. "Nadhani itaniuma."

"Na ikikuuma utafanya nini? Utaficha nini safari hii, waya?"

"Nitakwambia."

Mkewe akainua kibao cha kaunta kinachofunga njia ya kuingia ndani.

"Pita huku."

Fundi akapita. Hakuwahi kufika upande ule, miaka yote. Mkewe akageuza kioo, akaandika mstari mmoja, mfupi, akabonyeza. Maneno yakaanza kushuka, mengi, yanafuatana mbio. Yakasimama.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Imeshuka kutoka ghalani, imewaita wenzake inaowahitaji, imekaa. Sasa shule yoyote inafanya hivi. Simu haitalia tena tukiwa tunakula."

"Na wewe uko wapi humo?"

Akaandika kitu kingine, akamwekea kidole. "Soma."

Fundi akainama. Akasukuma, herufi kwa herufi, mpaka jina la mkewe likatoka lote mdomoni mwake. Lilikuwa pale, kwenye ghala la dunia nzima, limeandikwa kamili, na jina la babake. Akalisoma tena. Chini yake palikuwa na jina lingine, refu.

"Na hili?"

"La Kobe. Kifurushi tunakitunza wawili."

Fundi akanyooka. Akatazama dirishani, akatazama viti vya kusomea, akarudi kwenye kioo. Majina mawili yamekaa juu na chini, yamegusana.

"Linaniuma," akasema.

"Najua."

"Sana."

"Nimesikia, baba." Akazima kioo, akaanza kutafuta ile kanga ya kufungia mashine. "Nisaidie kufunga madirisha, tuondoke."